Muvi Isiyo na Mtoto

Jumatatu, 14 Julai

Nimenyang'anywa kitanda. Si na mwizi. Na dada yangu wa tumbo moja.

Dada Mwaija kaingia asubuhi na bodaboda kutoka kwa mumewe Mlingotini, begi mgongoni, beseni la vyombo mapajani. Mama kampokea bila swali. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha. Akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwangu, akatoa shuka zangu, akatandika zake. Basi! Nimehamishwa. Mwanamume mzima, mwenye biashara yake, leo nalala kwenye kochi la sebuleni ambalo linaishia magotini. Miguu inabaki hewani kama ya kuku wa sokoni.

Nikamuuliza Mama kulikoni. Akasema Mwaija kagombana na Farhan. Nikauliza wamegombania nini. Akasema kitanda, kisha akainama kuchambua mchele, na Mama akiinamia mchele hasemi tena.

Kitanda! Shemeji Farhan ni fundi seremala. Nusu ya Mlingotini inalala juu ya vitanda vyake. Mtu kama huyo anakosaje kitanda nyumbani kwake? Sielewi. Lakini angalau nimejua kwa nini dada kakimbilia changu.

Bahati yao, katika nyumba hii yumo mtaalamu.

Niliweke wazi hapa, maana watu hawalielewi. Mimi si muuza muvi. Kibanda changu kipo kwenye baraza la duka la vitambaa la Mzee Azzan, hapa Dunda, na bango linasema: BWANAUSI, MSHAURI WA MUVI KWA HALI ZOTE ZA MOYO. Mtu akija na flashi yake simuulizi anataka nini. Namtazama. Macho, mashavu, anavyoshusha pumzi. Kisha namwekea muvi inayomfaa. Mgonjwa akienda hospitali anaulizwa anataka dawa gani?

Ng'ambo ya barabara yupo Kombo. Bango lake linasema: MUVI. Mtu akifika, Kombo anamuuliza, "Unataka ipi?" Kama muuza nyanya! Mtu anasema, Kombo anampa, mtu anaondoka. Hakuna elimu yoyote hapo. Na foleni yake inafika mpaka kwa fundi viatu. Sielewi.

Nimeazimia: kwa muvi mbili tu, dada atakuwa amerudi kwa mumewe kabla ya Jumapili na mimi nitakuwa nimerudi kitandani.


Jumanne, 15 Julai

Dozi ya kwanza imetolewa. Matokeo ya ajabu.

Nimemwekea dada muvi ya mapenzi, ile ya mume anayemwimbia mkewe kutoka shamba mpaka shamba. Anamfunga kamba za viatu. Anamkinga mvua kwa koti. Anamwelezea anavyompenda jikoni, sebuleni na juu ya paa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: dada ataona, atamkumbuka Farhan, ataomba begi lake.

Katazama mpaka mwisho, mikono kifuani. Kisha akauliza kama yule bwana huwa ananyamaza. Nikajibu kwa fahari kwamba hanyamazi kabisa, anaongea muvi nzima.

"Umeona?" akasema. "Mtu akimpenda mtu, anasema."

Akainuka, akachukua ufagio. Kafagia sebule. Kafagia uani. Kafagia chini ya kochi langu, na waya zangu zote za kuchajia zimekwenda na taka. Mama kaniuliza nimemwonyesha nini mwenzangu. Nimekana kila kitu.

Na kazini nako balaa. Asubuhi nilimkuta Mzee Azzan kwenye kaunta yake, kashika shavu, macho yamelowa, anatazama majora ya vitambaa bila kuyaona. Mzee wa watu, mjane. Nikasema moyoni, huyu kazidiwa na upweke. Sikumuuliza, ingekuwa ushamba. Nikampa kichekesho kikali kuliko vyote nilivyonavyo, cha bwana mnene aliyekwama kwenye lifti na mbuzi.

Kabla ya adhuhuri binti yake, Kholood, katoka dukani mbio kuuliza nani kampa baba yake muvi ile. Kumbe mzee anaumwa jino! Kila akicheka taya linamchoma, kila taya likimchoma analia, na mbuzi wa kwenye lifti hampi nafasi ya kupumua. Wamempeleka kwa daktari wa meno kajifunga kilemba mpaka kidevuni.

Nikamwambia Kholood kwamba jino halionekani usoni. Akasema shavu lilivimba kama andazi, kila aliyepita kamwonea huruma. Kweli, lile shavu nililiona. Nilidhani ni afya.


Jumatano, 16 Julai

Nimebadili mbinu. Kama mke hasikii dawa, atibiwe mume.

Nimekwenda Mlingotini. Nimemkuta Farhan kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, anapiga randa ubao. Kakonda. Ndevu hazijachongwa. Tukasalimiana vizuri, akauliza hali ya Mama, hali ya biashara, hali ya barabara. Hali ya mkewe hakuiuliza. Nikamsaidia.

"Dada hajambo," nikasema. "Ila anataka kitanda."

Randa ikasimama.

Nikaona nimegusa penyewe. Nikamweleza kiume, kwa sauti ya kutia moyo, kwamba yeye ni fundi, mbao zimejaa hapa, kitanda si jambo la watu kuachana. Atengeneze kingine. Tena kikubwa zaidi! Yaishe.

Farhan kaweka randa chini polepole kama kitu cha kioo. Uso umemkauka. Akasema, "Samahani shemeji," akatoka nje. Kakaa nyuma ya migomba muda mrefu. Aliporudi alikuwa kanawa uso na kope bado zinadondoka maji. Akaniuliza kama nimekula.

Fundi mzima kushindwa na kitanda! Sielewi kabisa. Lakini nilimtazama kwa jicho la kitaalamu na nikauona ugonjwa: huyu hana ujasiri. Anaogopa kuja Dunda kumfuata mke. Nikampa muvi ya kivita. Stelingi ni kamanda, mkewe katekwa, yeye peke yake anavuka mto, anapanda ukuta, anawapiga maadui wote mpaka risasi zinawaishia. Nimeitazama sehemu ya kwanza mwenyewe na ilipokwisha nilitamani kumfuata mke wa mtu yeyote.

Nimerudi na bodaboda naimba. Kesho namtegemea mlangoni na kanzu mpya.


Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuisikia.

Farhan hakuja. Kapiga simu kwa Mama. Kumbe muvi ile ina sehemu ya pili, na mimi sikuitazama. Katika sehemu ya pili kamanda anafika na kukuta mkewe ameshakufa. Stelingi anabaki amekaa chini, na ndiyo mwisho. Farhan kaangalia peke yake kwenye nyumba tupu. Akapiga simu kuuliza kama Mwaija ni mzima. Akamwambia Mama pia kwamba ameusikia ujumbe wa kitanda, ila hana mdomo wa kuujibu.

Mama akanifuata uani na kuniuliza nilisema nini Mlingotini. Nikamweleza. Kitanda, mbao, kikubwa zaidi, yaishe.

Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Kitanda cha mtoto, Bwanausi," akasema. "Kitanda cha yule mtoto."

Mtoto nilikuwa namjua. Alizaliwa Ramadhani iliyopita, hakulia. Nilikuwepo mazikoni, nilimshika Farhan mkono. Lakini sikujua habari ya kitanda. Mama kaniambia. Farhan alikitengeneza mwenyewe kwa mninga, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama ngozi, kikakaa chumbani kinasubiri. Baada ya msiba kikabaki palepale. Wiki iliyopita Mwaija karudi kutoka kisimani, kakuta pembe ile ya chumba tupu. Hakuambiwa. Hakuulizwa. Naye hakuuliza, alifunga begi.

Mama akasema tangu siku ile ya mazishi hakuna aliyelitamka jina la mtoto ndani ya nyumba ile. Wala ndani ya hii. Yasmini. Hata yeye Mama kalitamka chinichini, kama anayeogopa kuamsha mtu.

Na mimi nikamwambia baba mtu atengeneze kingine.

Nimekaa nyuma ya choo mpaka jua likageuka. Sikutazama muvi yoyote.

Jioni akili imenirudia. Kosa langu ni moja tu: nilikuwa natibu bila kujua ugonjwa. Sasa naujua. Wale wawili wanahitaji muvi ya kuwachangamsha pamoja, na ndani yake asiwemo mtoto hata mmoja. Wala mimba. Wala nepi kwenye kamba.

Nimeanza kutafuta. Muvi ya Kihindi: mapacha wanapotezana kwenye treni. Muvi ya Kinaijeria: mtu ana mimba hata majina ya waigizaji hayajaisha. Ya Kikorea: mfalme anataka mrithi. Ya kivita: mtoto dirishani anampungia askari mkono. Nikafungua katuni ya samaki nikidhani nimeokoka. Samaki ana mwana!

Sikuwahi kujua dunia ina watoto wengi namna hii.


Ijumaa, 18 Julai

Nimepata njia! Imenijia msikitini, wakati wa hotuba, Mungu anisamehe.

Kama muvi isiyo na mtoto haipo, nitaitengeneza. Nina laptopu, nina programu ya kukatia video za harusi za watu. Nimechukua muvi moja ya Kihindi, nzuri sana, ile yenye sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili. Mke na mume wanapendana, wanakosana, wanapatana. Nyimbo tamu. Mavazi yanameremeta. Kasoro yake moja: wanakosana kwa sababu mtoto wao mchanga kachukuliwa na mafuriko.

Basi, nimemkata mtoto. Nimekata susu, kitanda chake cha kubembea. Nimekata wimbo wa kubembeleza. Nimekata mkunga, na jirani aliyeleta uji, na kofia ndogo iliyoelea majini. Ukimwondoa mtoto muvi inabaki fupi, lakini safi. Imebaki harusi, mvua, ngoma, na watu wenye huzuni ya kawaida.

Kombo kavuka barabara kuja kuchungulia. Kasimama nyuma yangu akitafuna karanga. Akauliza kwa nini yule mwanamke analilia ukuta. Nikamwambia ni sanaa. Akauliza naifanya kazi hii kwa ajili ya nani. Nikamwambia, maana nilikuwa na furaha. Akatafuna kidogo, akasema, "Sasa si ungewakalisha tu, ukawauliza wana nini?"

Nimecheka mpaka nikakohoa. Ndiyo maana yeye atabaki kuwa MUVI tu.

Habari nyingine: Mzee Azzan kang'olewa jino. Kholood kaniletea ujumbe kwamba baba yake akiweza kufungua mdomo ana maneno na mimi. Namwombea apone. Taratibu.

Imebaki kumleta Farhan Dunda. Nimempigia nikamwambia mlango wa jikoni kwa Mama umeanguka, aje kesho na vifaa. Nilipokata simu dhamira ikanisuta, maana mlango ulikuwa mzima na mimi sipendi kusema uongo. Nikaenda nikafungua bawaba zote kwa kisu cha mkate. Mlango ukaanguka kweli. Umeangukia sufuria ya kunde.

Mama hakunigombeza. Kanishika paji la uso, akauliza kama nasikia homa.


Jumamosi, 19 Julai

Leo ndiyo leo, na nimechanganyikiwa kuliko siku zote. Naandika kila kitu kama kilivyotokea, labda nikisoma baadaye nitaelewa.

Farhan kafika baada ya chakula cha mchana. Sanduku la vifaa mkononi, shati limepigwa pasi, ndevu zimechongwa. Kamwamkia Mama. Dada akatokea mlangoni mwa chumba changu. Wakatazamana.

"Hujambo?" akasema Farhan.

"Sijambo."

Ikawa basi. Mlango wa jikoni pale chini hakuna aliyeutazama. Nikawahi kuwaambia kwamba kabla ya kazi tupumzike kidogo, nina muvi mpya, ya kuchangamsha. Nikawakalisha kwenye kochi. Mmoja kaketi pembe hii, mwingine pembe ile, katikati angelala ng'ombe. Mama kwenye kiti chake. Mimi karibu na runinga, tayari kwa lolote.

Mwanzo mzuri sana. Harusi, ngoma, maua. Hata Mama katikisa kichwa kufuata mdundo. Kisha mke kwenye muvi anamwita mumewe ampe habari njema. Anafungua mdomo. Hapo ndipo nilipokata. Ghafla ni mvua, mume anakimbia na kilemba kimemvuka, na mtafsiri anapiga kelele, "Jamani, jamani! Mmeona wenyewe, ndugu watazamaji! Maskini!"

Mama akauliza maskini nani. Nikamwambia avute subira.

Mke analilia ukuta. Mume anakuja mpaka mlangoni, anasimama, anageuka, anaondoka. Mtafsiri anasema hata yeye kazi imemshinda leo, machozi yanamtoka. Unaingia wimbo wa watu wanaocheza kwenye bustani ya maembe. Mke analia tena, safari hii kando ya kisima. Mume anatembea barabarani peke yake. Anarudi. Wanakula. Hakuna anayesema. Maembe tena.

"Kwani hawa wanalilia nini?" akauliza Mama.

Nikasema itajulikana mbele, ingawa hiyo mbele nimeikata pia.

"Mbona mwanamume hamuulizi? Mbona na yeye hasemi? Wanakaa tu humo ndani kama vyungu!"

Mvua ya kwenye muvi inanyesha. Kisha Farhan, bila kuondoa macho kwenye runinga, kasema, "Wanamlilia mtoto."

"Hakuna mtoto humu, shemeji!" nikasema haraka. "Nimehakikisha mwenyewe!"

"Yupo," akasema dada.

Nikatazama runinga. Palikuwa na ukuta na ndoo. Naapa.

Dada hakugeuka. Alikuwa anazungusha pete yake kidoleni. Akasema, "Kitanda umekipeleka wapi, Farhan?"

Farhan akainuka nusu. Nilidhani atatoka nje, kama siku ile.

"Kipo kwa Mohamedi," akasema. Mohamedi ni fundi mwenzake, jirani yao. "Sikukiuza, Mwaija. Wala sikukivunja, mikono ilikataa. Nimekifunga na kanga yako, ile ya njano, nikakiweka juu ya dari lake."

"Usiniambie?"

"Nilikuwa nakuona. Kila ukipita unakigusa, kila ukikigusa unakaa chini. Nikasema nikikiondoa utapumzika. Nikajiandaa kukwambia. Nikashindwa. Nikitaka kulitaja jina lake sauti inanikauka."

"Mimi nikadhani umechoka naye," akasema dada. "Nikadhani umemsahau, unataka na mimi nisahau."

"Nimsahau Yasmini?"

Alilisema. Na kweli, sauti ikamkatikia hapohapo kwenye jina, ikatoka nusu. Mwanamume mrefu vile. Dada akasogea. Sikuona alivyosogea, nilishtukia tu katikati ya kochi hakuna nafasi tena, na kichwa cha Farhan kipo begani kwake, na wote wawili wanalia kwa sauti, sio kulia kwa kwenye muvi.

Mama akazima runinga. Akanishika ukosi wa shati, akanikokota mpaka jikoni. Nikamnong'oneza kwamba wimbo mzuri kuliko wote ulikuwa bado. Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya kitunguu. Jikoni hakukuwa na mlango, kwa hiyo tulisikia. Waliongea mpaka adhana ya alasiri. Waliongea nywele zake zilivyokuwa nyingi. Waliongea kila mmoja kamwona anafanana na nani. Mara dada akacheka kidogo, kicheko chenye makamasi, na Farhan naye. Mama alikuwa kakaa juu ya kinu, kafunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nilikuwa nasukuma kunde kwa kidole, maana macho yaliniwasha. Moshi, nadhani. Jiko halikuwa limewashwa.

Lakini sielewi! Nimekata kila kitu. Nimekata mpaka kofia. Wamemwona wapi mtoto?


Jumapili, 20 Julai

Ushindi.

Farhan karudi asubuhi, kaupachika mlango wa jikoni, na sasa unafungika kuliko zamani. Mama kapika mkate wa kumimina na samaki wa nazi. Dada kakusanya vyombo kwenye beseni. Begi lilikuwa limeshafungwa kabla hata hatujala.

Wakati wa kuagana dada kanishika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinifanya nikiwa mdogo nikianguka.

"Ahsante, Bwanausi," akasema. "Kwa kumwita."

Nikamwambia si neno, siri ni kuchagua muvi.

"Kwa kumwita," akasema tena, polepole. "Kumwita aje akae."

Nikasema ndiyo, na ule ukataji pia, watu hawajui kazi iliyopo mle. Akanitazama. Akatazamana na Farhan. Akanipigapiga shavu, akapanda bodaboda. Wanapitia kwanza kwa Mohamedi.

Nimerudi kitandani kwangu. Nimejinyoosha mpaka mifupa ikalia. Dozi moja tu iliyokatwa vizuri imerudisha ndoa! Farhan aliyekuwa hana mdomo kaongea mpaka alasiri. Kombo angewauliza maswali mpaka leo.

Jioni Mzee Azzan kaniita dukani. Mdomo unafunguka sasa, ingawa upande mmoja. Kasema hatanifukuza barazani. Ila ameweka sharti, na Kholood awe shahidi: kuanzia kesho kila anayefika kwangu nimuulize kwanza, "Una nini?" Neno hilo tu, na baada ya hapo ninyamaze nisikilize. Nikaahidi. Nimempa mkono.


Jumatatu, 21 Julai

Bango jipya limesimama: BWANAUSI, MUVI ZILIZOPUNGUZWA HUZUNI. Rangi haijakauka, mteja kafika. Mwalimu Mize wa shule ya msingi.

Nikatimiza ahadi. "Una nini, Mwalimu?" Akasema hana kitu, Alhamdulillah, anataka tu muvi yenye harusi ya kumtazamisha mama yake anayependa harusi. Kholood alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa kuridhika.

Lakini nilimtazama Mwalimu usoni. Mwanamke wa umri ule, hajaolewa, anaomba harusi na anasingizia mama! Nikajua. Nikamwekea harusi nzuri sana, nikamwondoa bibi harusi ndani yake asije akamuumiza mtu.

Kabla ya adhuhuri kairudisha. Anasema mama yake kauliza watu wote wale wamekusanyika kumwoza nani, na yule bwana anamvisha nani pete. Nikamwambia ndiyo dawa inavyoanza kufanya kazi. Kavuka barabara. Kombo alicheka mpaka benchi likamwangusha, na Mwalimu kasimama kwenye foleni yake. Wivu, na haraka za wagonjwa. Sishangai.

Nimerudi nyumbani mapema, kwa sababu nyumbani nako kuna kesi.

Mama. Tangu Mwaija aondoke kakaa uani kwenye kigoda, hafanyi lolote. Chai yake imepoa na utando juu. Nikamwamkia, akaitikia, akasogeza kigoda kingine karibu yake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," akasema. "Nina neno nataka nikwambie."

Nikamtazama. Macho, mashavu, anavyoshusha pumzi. Nimemaliza! Nikamwambia asijichoshe kusema, nimeshaelewa, namletea sasa hivi.

"Sitaki muvi, Bwanausi. Nataka ukae."

Dalili yenyewe hiyo, mgonjwa kukataa dawa. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango nisisumbuliwe. Nimechagua muvi ya familia moja kubwa, yenye vichekesho. Kazi ni ndefu lakini itampendeza. Mabinti walioolewa mbali nimeshawakata wote. Sasa naanza kuwakata wana wa kiume.

Namsikia kule uani anaongea na kuku.